WALIOTUTOKA, NA KAZI WALIYOTUACHIA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Reli na jamaa zao, Nunguni, Kilungu)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya watu mashuhuri wa dunia waliofariki karibuni. Sababu yake ni hii. Mwaka wa 2025 ulikuwa mwaka wa misiba mingi. Redio haikunyamaza kutangaza tanzia, na katika karakana na nyumba za Reli wafanya kazi walibishana sana. Huyu alisema marehemu fulani alikuwa shujaa, yule akasema hakuwa kitu. Wengine waliuliza: Mtu wa Argentina au wa Namibia akifa, Mkamba wa Kilungu anayekaza misumari ya reli inamhusu nini? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Hatukuja kufanya matanga. Wala hatutaki kuwageuza marehemu kuwa malaika, maana waliowajua wangetucheka. Wahenga walisema, Mgala muue na haki umpe. Basi kwa kila mmoja tutauliza maswali matatu. La kwanza, alianzia kazi gani? La pili, alidumu katika jambo gani? La tatu, alipoondoka, kazi yake aliiacha mikononi mwa nani? Haya ndiyo maswali ambayo fundi humwuliza fundi mwenzake, na yafaa kuulizwa hata juu ya wakubwa.

MFAGIAJI WA RELI

Tuanze na mtu wa kazi yetu. Tarehe 8 Februari 2025 alifariki Sam Nujoma, Rais wa kwanza wa Namibia, mwenye umri wa miaka 95. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe, kisha akasoma katika shule ya misheni ya Wafini hata darasa la sita. Wengi wetu hapa tulisoma kiasi hicho hicho. Mwaka 1949 alifika Windhoek akaandikwa kazi katika Reli ya Afrika Kusini, maana nchi yao ilitawaliwa na Afrika Kusini siku zile. Kazi yake ilikuwa kufagia. Mchana alishika ufagio, usiku alikwenda shule ya watu wazima kujifunza Kiingereza, na masomo mengine aliyapata kwa njia ya posta.

Hapo relini ndipo alipoanza kusema na wenzake juu ya mshahara na juu ya watu kufanywa kama mizigo. Mwaka 1957 aliacha kazi ya reli ili ashughulike na siasa tu. Mwezi wa Desemba 1959 watu weusi wa Windhoek walikataa kuhamishwa kwa nguvu kutoka makao yao ya zamani, na polisi wakawapiga risasi. Mwaka uliofuata Nujoma alitoroka nchi. Alipita Bechuanaland, akazunguka mpaka akafika Mbeya katika Tanganyika, na huko akashikwa na malaria. Watu wa TANU walimsaidia kufika Dar es Salaam, na Julius Nyerere akamsaidia kupata hati ya safari. Chama cha SWAPO kikaweka makao yake Dar es Salaam. Tangu alipotoroka mpaka bendera ya Namibia ilipopandishwa, tarehe 21 Machi 1990, ilipita miaka thelathini.

Hakuwa malaika. Katiba ilibadilishwa ili apate kipindi cha tatu cha urais, na wengi walimlaumu kwa hilo. Lakini mwaka 2005 alitoka madarakani akampa mwingine kiti, naye akaishi miaka ishirini zaidi kama mzee wa nchi. Maswali yetu matatu aliyajibu. Alianza na ufagio, alidumu karibu miaka thelathini ugenini, na kazi akawaachia wengine angali hai.

Tumjibu basi yule aliyeuliza Namibia inatuhusu nini. Mfagiaji wa reli alipougua Mbeya alipokelewa na watu wasiojua lugha yake. Wale waliompokea hawakuandikwa majina katika magazeti, na hata hivyo bila wao angalikamatwa akarudishwa.

SAUTI YA REDIO

Siku moja kabla ya Nujoma, tarehe 7 Februari 2025, alifariki Leonard Mambo Mbotela, akiwa na miaka 84. Hapa hatuna haja ya kueleza sana. Nani katika milima hii hakuisikia sauti yake? Mama aliyekuwa akipepeta mahindi alimsikia, na mlinzi wa stesheni usiku alimsikia. Alitangaza mpira mpaka msikilizaji asiye na tiketi akauona uwanja. Na tangu mwaka 1966 alikuwa na kipindi chake cha kuuliza kama jambo fulani ni la ungwana au siyo.

Yafaa tujue alikotoka. Mbotela alizaliwa Mombasa katika jamaa ya watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na wazee wengi walikisoma shuleni. Basi mjukuu wa watu walioitwa watumwa akawa ndiye mwenye kuwauliza Wakenya wote juu ya ungwana. Katika Kiswahili cha zamani mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Lakini Mbotela alitufundisha kwamba uungwana hauko katika nasaba. Uko katika namna mtu anavyokaa na mwenzake garini, nyumbani na kazini.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walimtoa nyumbani kwake wakamlazimisha kusoma redioni kwamba serikali imepinduliwa. Alisoma huku bunduki ziko karibu naye. Alipona, akarudi kazini, akaendelea na kipindi chake. Mfanya kazi anaweza kushikwa na mambo makubwa asiyoyataka akiwa mahali pake pa kazi. Dreva wa treni anaijua hali hiyo.

Je, kazi aliiacha kwa nani? Kila mtangazaji wa Kiswahili aliyetafuta neno safi badala ya neno la kuokota, alilipata mfano kwake.

MWANDISHI NA WATU WA LIMURU

Tarehe 28 Mei 2025 Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki katika Marekani, mwenye miaka 87. Alizaliwa Kamirithu, Limuru, mahali ambapo reli hupita. Katika kitabu chake A Grain of Wheat vijana hukimbia mbio kwenda stesheni kuliangalia treni, na anayesoma huona kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa kando ya reli.

Alijulikana duniani kwa vitabu vya Kiingereza. Angeweza kukaa hapo akala jasho lake kwa raha. Lakini mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mchezo wa kuigiza wa Kikikuyu pamoja na watu wa Kamirithu. Waigizaji walikuwa wafanya kazi wa viwanda, wachuma chai, wakulima na akina mama. Walijenga jukwaa lao wenyewe, wakasahihisha maneno ya mchezo wenyewe, maana mambo yaliyosemwa yalikuwa yao: mshahara mdogo, na shamba lililochukuliwa. Serikali ikauzuia mchezo ule, na mwisho wa mwaka huo huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Alikaa karibu mwaka mzima. Mle Kamiti aliandika kitabu kizima cha Kikikuyu juu ya karatasi za chooni, karatasi ngumu isiyofaa kwa kazi yake lakini yafaa kwa kalamu.

Wako wanaobishana naye, nasi twajua sababu. Wengine walisema kuandika kwa lugha ya nyumbani kunagawa taifa. Sisi tunaosema Kikamba nyumbani na Kiswahili kazini hatuoni vita hapo. Mtu aweza kuwa na jembe na shoka. Tunalolikumbuka sisi ni kwamba msomi yule alikubali kusahihishwa na wachuma chai. Wasomi wa namna hiyo si wengi, na chama cha wafanya kazi kinawahitaji.

MTOTO WA MHASIBU WA RELI

Tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, alifariki Papa Fransisko, mwenye miaka 88. Hapa tuna Wakatoliki, tuna watu wa Africa Inland Church, na wengine, wala hatusemi mambo ya dini. Twasema ya kazi tu. Baba yake, aliyehamia Argentina kutoka Italia, alikuwa mhasibu katika Reli. Na yeye mwenyewe katika ujana wake alifagia sakafu, akawa bawabu wa mlangoni, akafanya kazi katika maabara, kabla ya kuingia upadre.

Alipokuja Kenya Novemba 2015 alikwenda Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi, akasema juu ya ardhi, maji na nyumba za maskini wa mjini. Na alipokufa tuliona jambo lingine. Mapapa wa zamani walizikwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Yeye aliagiza jeneza moja la mbao. Juu ya kaburi lake, katika kanisa la Santa Maria Maggiore huko Roma, aliagiza liandikwe jina lake tu kwa Kilatini: Franciscus. Neno moja.

Ndugu zangu, yashikeni hayo ya jeneza moja, kwa maana sasa twaja kwetu.

MAZISHI YA SAA SABINI NA MBILI

Tarehe 15 Oktoba 2025 alifariki Raila Amolo Odinga huko Kerala, India, akiwa na miaka 80. Juu ya siasa zake kila mtu hapa ana lake, na mkutano huu si wa kura. Lakini haki yake tumpe. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Ujerumani ya Mashariki, kwa hiyo alikuwa mtu wa chuma kama sisi. Kati ya 1982 na 1991 alifungwa kizuizini mara tatu. Mama yake alipofariki mwaka 1984, yeye akiwa ndani, ilipita miezi miwili kabla ya kuambiwa. Hebu kila mmoja alifikirie jambo hilo moyoni mwake. Aligombea urais mara tano asiupate, akawa Waziri Mkuu kutoka 2008 hata 2013, na mambo mengi ya Katiba ya 2010 tunayoyategemea, pamoja na haki ya mfanya kazi kujiunga na chama na kugoma, hayakuja bila watu wa namna yake kuumia.

Jamaa zake walisema kwamba aliagiza azikwe upesi, ikiwezekana katika saa 72. Alizikwa tarehe 19 Oktoba, Bondo, karibu na baba yake. Hata hivyo siku mwili ulipofika Nairobi watu walijaa Kasarani, risasi zikapigwa, na waombolezaji wakafa. Walikwenda kumlilia mtu wao wakaliliwa wenyewe. Hao nao wana majina, na jamaa zao wanayajua.

Mwaka mmoja na nusu kabla yake, tarehe 18 Aprili 2024, Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, aliuawa pamoja na askari wengine helikopta ilipoanguka katika Elgeyo Marakwet. Alikuwa ameagiza mapema azikwe katika saa 72, bila jeneza. Wakamzika Siaya siku ya tatu bila jeneza, kama alivyotaka. Mkuu wa majeshi yote!

Wazee wengine wa Kilungu walisema kumzika mtu kwa haraka ni kama kumtupa. Twaliheshimu neno lao. Kumngoja mtoto aliye mbali ni jambo jema, wala hatusemi watu waache kulia. Lakini twauliza. Kama Jenerali na Papa waliweza kuagiza mazishi madogo, kwa nini mtu wa genge la reli, aliyeacha watoto wanne shuleni, azikwe kwa hema tatu, vipaza sauti na ng'ombe wawili, halafu mwezi wa pili shamba liuzwe?

MTU WA MAKUENI ALIYEJULIKANA DUNIANI

Sasa tufike nyumbani kabisa. Tarehe 1 Oktoba 2025 alifariki huko Marekani Jane Goodall, Mwingereza, mwenye miaka 91. Alikuja Kenya mwaka 1957 akafanya kazi ya karani kwa Dokta Louis Leakey katika jumba la makumbusho la Nairobi. Hakuwa na digrii. Mwaka 1960 Leakey alimpeleka Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaangalia sokwe. Alikaa chini akawatazama kwa subira, akaona sokwe akichomeka unyasi katika kichuguu na kuvua mchwa. Hapo wataalamu walilazimika kubadili walivyokuwa wakiamini, kwamba ni binadamu peke yake atengenezaye chombo cha kazi. Dunia nzima ilimlilia, na alistahili.

Mwaka ule ule wa 1960 kijana mwingine asiye na digrii aliandikwa kazi kwa Leakey. Huyu alikuwa Mkamba wa Makueni, jina lake Kamoya Kimeu. Alikuwa amechunga mbuzi, akasoma miaka sita hivi katika shule ya misheni. Aliandikwa kuwa kibarua wa kuchimba Olduvai, Tanganyika. Mnajua wenyewe kwamba kwa desturi zetu kugusa mifupa ya maiti ni mwiko. Kijana yule alichukua sururu na brashi akaenda.

Kazi yake ilikuwa ya macho na miguu. Alitembea polepole juani, kichwa chini, akitafuta kipande cha mfupa kati ya mawe elfu yenye rangi ile ile. Sisi tunaotembea juu ya mataruma kutafuta msumari uliolegea au reli iliyopata ufa twaijua kazi hiyo. Aliye mvivu haoni kitu, na mwenye haraka naye hupita juu yake. Mwaka 1964 aliona taya la mtu wa kale sana Peninj, karibu na Ziwa Natron. Baadaye akawa mkuu wa kikosi cha wachimbaji, wengi wao Wakamba, waliofanya kazi na Richard Leakey kando ya Ziwa Turkana. Mwezi wa Agosti 1984, wenzake walipokuwa wakipumzika, alivuka mto mkavu wa Nariokotome akaokota kipande cha fuvu kidogo kama kibiriti. Walipochimba pale walipata karibu mifupa yote ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu wa nchi zote humwita Kijana wa Turkana, na mifupa yake imehifadhiwa Nairobi.

Mwaka 1985 Kamoya alikwenda Washington akapewa nishani na Rais Reagan. Wataalamu waliita nyani wa kale kwa jina lake. Mwaka 2021 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima. Alifariki Nairobi tarehe 20 Julai 2022. Richard Leakey alikuwa amefariki mwezi wa Januari mwaka huo huo.

Basi tuulize kwa haki. Watoto wetu wa shule za Kilungu hutaja jina la Leakey bila kufikiri. Wangapi wataje jina la Kamoya Kimeu, ambaye kwao ni Makueni hii hii? Hatumlaumu Leakey. Tunajilaumu sisi, wazazi na majirani. Mtu wa mbali alimkumbuka Kamoya kwa kumwandika. Sisi tulidhani kwa kuwa tunamjua hatutamsahau.

WASIO NA MAJINA

Ndivyo ilivyo hata katika Reli. Nendeni katika jumba la makumbusho la Reli, Nairobi. Mtaona behewa ambamo Bwana Ryall, ofisa wa polisi, alikamatwa na simba katika stesheni ya Kima, mwezi wa Juni 1900. Kima ni hapa chini ya milima yetu. Jina lake tunalo, na hata behewa lake tunalo. Lakini reli ile, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, ililetewa wafanya kazi kama 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukigawanya kwa maili, ni watu wanne hivi kwa kila maili. Ukitoka Kima mpaka Makindu unapita juu ya wengi. Wako wapi majina yao?

Lakini hapo Makindu kuna jambo la kuigwa. Masingasinga waliofanya kazi katika Reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Msafiri wa kabila lolote na dini yoyote akifika pale hupewa chakula bila malipo. Wengi wetu tumekula pale. Ukumbusho wa namna hiyo ni mkubwa kuliko sanamu, kwa maana sanamu haimshibishi mtu. Wema hauozi.

DAFTARI LA TAWI

Sasa tuseme lililotuleta. Kwetu Ukambani tulikuwa na njia yetu ya kuwakumbuka watu. Mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na mtoto aliyezaliwa baada ya msiba huitwa Musyoka, yaani aliyerudi. Njia hiyo ni njema, lakini inatunza jina tu, haitunzi kazi. Na siku hizi kazi isiyoandikwa ni kama haikufanywa.

Yuko mwenzetu mmoja wa upande huu. Jina lake hatulitaji, wala mwajiri wake hatumtaji. Alitengeneza njia ya reli kwa miaka mingi, akafundisha vijana wengi kupima upana wa njia na kupiga kokoto chini ya mataruma. Alipofariki watu walikuja wengi, hema zikakodiwa, hotuba zikasemwa mpaka jua likashuka. Baadaye mjane wake alikwenda kudai haki yake. Akaulizwa nambari ya kazi ya marehemu. Hakuijua. Jina katika faili lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyingine kuliko za kitambulisho. Akaambiwa alete mtu aliyefanya kazi na mumewe tangu mwanzo. Mmoja alikuwa amekufa, mwingine amehamia mbali asijulikane aliko. Mama yule alishuka mlima na kupanda tena, kila safari na nauli yake, mpaka nauli ikamshinda. Siku ya mazishi sote tulisema marehemu hatasahauliwa kamwe. Kumbe hata nambari yake ilikuwa imekwisha kusahauliwa.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, tawi lifungue daftari la wafanya kazi wa Kilungu, walio hai na waliokufa. Liandikwe jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho, na jina la utani alilojulikana nalo kazini; nambari ya kazi; mwaka alioanza na mahali alipofanya kazi; nani alimfundisha na yeye alimfundisha nani; jina la mkewe na la watoto; na mahali karatasi zake zinapowekwa. Tuanze na wazee waliostaafu, wangali na kumbukumbu. Kila kijana amshike mzee mmoja wa kijiji chake. Nakala moja ikae kwa katibu, ya pili kwa mweka hazina, ili moto au mchwa wasitumalize.

Pili, mwanachama akifariki, mchango wetu usianze na hema. Uanze na karatasi zake, na karo ya watoto wake, na nauli ya mjane. Kitakachobaki ndicho cha hema. Na kila mwanachama aandike mapema namna anavyotaka kuzikwa, ili jamaa zake wasishindane kwa fahari. Mkuu wa majeshi aliweza kuandika. Sisi kalamu tunazo.

Tatu, katika mkutano wa kila mwaka majina ya waliotutoka yasomwe kwa sauti, jina na kazi yake: fulani, miaka kadha, genge la mahali fulani. Hapana hotuba. Dakika chache zatosha.

Wengine watasema tumewaweka watu wa genge pamoja na Marais na Papa. Ndivyo. Nujoma alikuwa mfagiaji, Kamoya alikuwa kibarua, na Papa alifagia sakafu. Siku walipokuwa katika kazi hizo hakuna aliyejua watakuwa nani, na kama wangalikufa siku hizo, ni nani angaliandika majina yao? Hatuwezi kumjua mkubwa wa kesho. Twaweza kumwandika kila mtu leo.

Daftari limekwisha kununuliwa, Bwana Mwenyekiti, liko hapa mezani pamoja na kalamu. Wazee waliostaafu waanze, kisha wajane, kisha sisi wengine kwa zamu.